Nzuri, Ila

Vijana wa kitengo mliniomba niwaachie slaidi kabla sijaondoka. Slaidi sina. Zile nilizokuwa nazo zilitengenezwa kuwaridhisha wakurugenzi, na wakurugenzi wenyewe walikuwa wakizisinzilia. Nimeona afadhali niandike, maana sasa muda ninao, na hapa nyumbani hakuna mtu wa kunigongea mlango aniambie printa imegoma.

Kwa wasionijua: mimi ni Mama Neema, na nilikuwa mtu wa mifumo katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, upande wa ziwani. Sikuwa fundi wa kompyuta, ingawa hadi leo majirani huniletea simu zilizoingia maji. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba programu kubwa zinazoendesha kiwanda, za mapokezi ya samaki, stoo, zamu na vyumba vya baridi, zinawafaa watu wanaozitumia. Ukimweleza hivyo shangazi yangu kule Ukerewe, anakuuliza, "Sawa, lakini unafanya nini hasa?" Nimestaafu bila kumpatia jibu la kumridhisha.

Siku ya kwanza nilikwenda na suti niliyoshonesha kwa fundi wa Mirongo, cheti changu kikiwa kwenye bahasha ya kaki. Aliyenipokea ni Mzee Rwegasira, mkuu wa kitengo, Mhaya wa Kagera aliyekuwa akitembea polepole na kuvaa tai hata Jumamosi. Aliitazama suti, akaitazama bahasha, akaingia stoo. Alirudi na mabuti ya mpira, koti jeupe na stuli ya plastiki, akanikabidhi vyote. Nikamuuliza meza yangu iko wapi.

"Hiyo uliyoishika," akasema.

Akanipeleka mapokezi ya samaki, mahali ambapo sangara hushushwa, huoshwa na kupimwa uzito kabla ya kupelekwa ndani kuchunwa. Akaiweka stuli ukutani, akanipa amri tatu: kaa, tazama, nyamaza. Kuuliza si ujinga, alisema, lakini kuuliza kabla hujatazama kunawapotezea watu muda. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yangu mimi ilikuwa yale mabuti, makubwa kiasi kwamba nikigeuka yenyewe yanabaki yakitazama nilikotoka. Wanawake wa mapokezi walicheka mpaka wakanizoea. Mimi nilikaa, nikatazama, nikanyamaza, na kila jioni nilimweleza Mzee nilichokiona.

Mhaya kumfundisha mtu kunyamaza ni maajabu, na nilimwambia hivyo baadaye tulipozoeana. Alinijibu kwa Kiingereza, kisha akanitafsiria, ili nisikose chochote.

Vifaa vyake vilikuwa viwili, hiyo stuli na maboksi ya sabuni. Kabla mtu hajaandika hata mstari mmoja wa programu, Mzee alikata maboksi, akachora skrini kwa kalamu ya wino mzito, vitufe na kila kitu, akampelekea mhusika. "Bonyeza," anamwambia. Mhusika anabonyeza boksi kwa kidole, Mzee analiondoa na kumwekea lingine, kana kwamba kompyuta imefungua ukurasa. Mhusika akisita, Mzee hamsaidii. Anaweka alama pale aliposita, kisha anakwenda kuchora upya. Boksi halihitaji umeme, na hakuna anayeogopa kuliharibu. Ninyi sasa mna programu za kuchorea skrini, nzuri kweli, lakini nimeona jinsi mtumiaji anavyoogopa kusema ubaya wa kitu chenye rangi za kupendeza. Boksi la sabuni hulisema hata mbele ya mkurugenzi.

Kuna mwaka kiwanda kilinunua skrini za kugusa kwa mbwembwe, bila maboksi na bila kutuuliza. Zikafungwa mapokezi, na baada ya siku chache wakubwa wakalalamika kwamba zinanuka. Nikashuka na stuli yangu. Nikamkuta Ezekieli, kijana wa Rorya aliyekuwa akipima uzito, anabonyeza skrini kwa mkia wa sato. Skrini ilikataa kidole chenye glavu nene lakini ilikubali mkia mbichi bila kinyongo, na kuvua glavu mapokezi ni kosa la usafi. Mkurugenzi alitaka Ezekieli apewe barua ya onyo. Mzee Rwegasira akasema barua hiyo iandikwe kwanza kwa aliyenunua skrini. Tukaweka vitufe vikubwa vya mpira, na yule sato akarudi kwenye majukumu yake ya kawaida.

Mzee alistaafu, akaniachia kitengo na stuli. Suala ninalotaka hasa kuwasimulia lilikuja baada yake, na sikuwa na wa kumkimbilia, maana alikuwa amerudi kwao kwenye migomba.

Tulikuwa tumepata mfumo mpya wa kuendesha kiwanda kizima, umenunuliwa nje, umetafsiriwa Kiswahili na ofisi moja ya Dar es Salaam. Ulikuwa mfumo mzuri, sitausingizia. Kati ya mambo uliyoyabadilisha ni makabidhiano ya zamu kwenye vyumba vya baridi. Zamani anayetoka na anayeingia walikutana mlangoni, na kwa kuwa hapa ni Mwanza, walisalimiana. Mwangaluka, mwangaluka, za usiku, za nyumbani, za watoto, za shambani Misungwi. Mtu mwenye haraka akiwatazama aliona wafanyakazi wawili wanapiga soga huku kiwanda kinasubiri. Mfumo mpya ukaiondoa soga. Anayetoka anasimama mbele ya skrini, inamuuliza hali ya chumba, anajibu, anapanda gari la wafanyakazi. Anayeingia anasoma jibu, anaendelea. Wakubwa walifurahi sana, na vyumba vya baridi vikawa kimya.

Aliyekuwa akitunza vyumba hivyo zamu ya usiku ni Mama Kulwa, Msukuma, mama wa mapacha wawili wa sekondari aliokuwa akiwalea peke yake tangu afiwe na mumewe. Mimi na yeye tulianza kazi karibu pamoja. Alikuwa miongoni mwa wale waliocheka mabuti yangu. Asubuhi moja alikabidhi zamu, skrini ikamuuliza hali ya chumba namba tatu, akabonyeza "Nzuri", akaondoka. Ezekieli, ambaye wakati huo alikuwa amehamia vyumba vya baridi, akasoma "Nzuri" na kwenda kushughulikia vyumba vingine. Kabla ya adhuhuri kompresa ya namba tatu ilikufa, na shehena iliyokuwa humo ikaharibika. Mafundi waliokuja walisema mashine ile lazima ilikuwa imeanza kukohoa tangu usiku. Mtu aliyekuwa zamu asingeweza kuacha kuisikia.

Mama Kulwa akasimamishwa kazi. Afisa utumishi akaitisha kamati ya nidhamu, na akanitaka nilete chapa ya jibu lile kutoka kwenye mfumo. Shtaka lilikuwa moja tu: amesema uongo. Adhabu yake inajulikana, ni kufukuzwa.

Niliichapa ile karatasi nikaikalia siku nzima. Nilimfahamu Mama Kulwa. Ni mtu wa kurudi kutoka getini kukuambia kwamba umeacha dirisha wazi. Lakini neno "Nzuri" lilikuwa pale, na yeye ndiye aliyelibonyeza. Kesho yake nikaenda kwake, juu ya stendi ya Nyegezi, kule nyumba zinakojibanza katikati ya mawe.

"Hodi humu ndani!"

"Karibu, Mama Neema! Pita, pita ndani."

"Habari za hapa?"

"Nzuri sana."

"Watoto?"

"Wazima kabisa. Kaa hapo, harafu nikuletee chai."

Chai ikaja na viazi vitamu. Tukazungumza mvua. Tukazungumza mahindi ya Misungwi yaliyoshambuliwa na wadudu, na harusi ya mpwa wake iliyoahirishwa. Sikuwa na haraka, nilifundishwa kukaa. Ilikuwa kwenye kikombe cha pili alipoinamisha uso na kusema, "Tuko salama, ila ndiyo hivyo, dada yangu. Kazi inaondoka. Na Kulwa hataki kwenda shule. Anasema wenzake wanamcheka, mama yake kaozesha samaki."

Nikaweka kikombe chini. "Mama Kulwa, nilipoingia umeniambia habari za hapa ni nzuri sana."

Alinishangaa. "Sasa ningesemaje? Ndiyo kwanza unaingia."

"Na ile skrini?"

"Si ndiyo hivyo hivyo? Iliniuliza hali, nikasema nzuri. Nikasimama pale nasubiri iniulize vizuri. Ikaniambia asante." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Asante! Na gari huko nje linapiga honi. Nikasema basi, labda yenyewe imeshaisikia ile kompresa. Si ndiyo kompyuta?"

"Kulikuwa na kitufe cha 'Mbaya'."

"Mbaya?" Alishtuka kama nimemtukana. "Mbaya ni kiwanda kinaungua, Mama Neema. Kompresa inakohoa tu."

Niliteremka kwenye mawe yale nikicheka peke yangu kama mwehu, na huku machozi yananitoka. Karibu sote tulioipitisha skrini ile ni watu wa hapa. Hakuna hata mmoja wetu anayeulizwa hali akajibu mbaya. Hata penye msiba unaulizwa habari, unasema nzuri, kisha unasema tumefiwa. Neno la kwanza ni la heshima, la pili ndilo la habari. Mashine ilikuwa inapokea heshima, inashukuru, na kuondoka kabla ya habari.

Kujua ni jambo moja, kuieleza kamati ni jingine. Nilipoingia, afisa utumishi alikuwa mwisho wa meza na faili lake. Alikuwa mwanamke makini, hodari wa kazi, asiyependa hadithi. Katikati aliketi meneja wa kiwanda, mtu mrefu mwenye haraka, na pembeni mwenyekiti wa tawi la wafanyakazi. Mama Kulwa alikuwa kwenye kiti cha peke yake karibu na mlango, mkoba wake mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Akaulizwa kama alisikia kompresa ikikohoa. Akakubali. Akaulizwa kwa nini basi alijibu nzuri.

"Nilikuwa nasubiri iniulize," akasema.

Afisa utumishi akaandika hilo, akapiga mstari chini yake. Nikaona kazi ya mwenzangu inaishia kwenye mstari ule. Zamu yangu ikafika. Niliiweka ile karatasi mezani, kisha nikamgeukia meneja.

"Meneja, kabla sijaanza, sikukusalimu vizuri. Habari za nyumbani?"

"Nzuri," akasema, anatazama saa.

"Wote wazima?"

"Wazima, tunamshukuru Mungu."

Nikanyamaza. Nilikaa kimya kama kwenye stuli, namtazama tu. Kimya kikawa kirefu, afisa utumishi akakohoa, na meneja, kwa kuwa amelelewa vizuri, akaona aibu kuuacha ule ukimya ulivyo.

"Ila mama mkwe ndiyo tumemlaza tangu juzi," akasema. "Presha. Na gari nalo liko gereji, kwa hiyo…"

Akaishia hapo. Aliangalia karatasi iliyokuwa mezani, akamwangalia Mama Kulwa. Mwenyekiti wa tawi akafunika mdomo kwa kiganja.

"Pole sana, meneja," nikasema. "Ningekuwa mfumo wetu, ningekwambia asante pale uliposema nzuri, na mama mkwe angebaki huko."

"Hapa ni kazini," afisa utumishi akadakia. "Mambo ya nyumbani ni mambo ya nyumbani. Swali la kazi linajibiwa kama lilivyoulizwa."

Hoja yake haikuwa ya kijinga. Aliyemjibu ni meneja. Alimuuliza, kwa upole kabisa, alimjibu nini mlinzi wa getini aliyemsalimu asubuhi. Afisa akasema alijibu nzuri, kama kawaida. Meneja akainama kidogo kutazama chini ya meza, na sote tukainama. Mwanamke yule nadhifu alikuwa amevaa kandambili za bluu. Kisigino cha kiatu chake kilikatikia getini, mbele ya mlinzi huyo huyo.

Wa kwanza kucheka alikuwa mwenyewe. Alicheka mpaka akavua miwani. Baadaye alikuwa rafiki mkubwa wa kitengo chetu, na naomba mlinde urafiki huo, ni wa faida.

Mama Kulwa hakucheka. Alikuwa bado ameushika mkoba wake, akitutazama mmoja mmoja, hajui kama kicheko kile ni cha kumwokoa au cha kumzika. Meneja alipomwambia arudi kazini usiku ule ule, alisimama, akatushukuru kwa Kisukuma, "Wabeja," akautundika mkoba begani. Mimi nililia waziwazi. Sijawahi kulia kwenye kikao kabla ya hapo wala baada ya hapo, na sijutii.

Kisha tukarudi kwenye maboksi ya sabuni. Nilimweka Mama Kulwa upande mmoja na Ezekieli upande wa pili, tukachora. Skrini inauliza hali. Anayetoka anabonyeza "Nzuri", na mfumo haumshukuru. Unafungua ukurasa mwingine wenye neno moja kubwa juu: "Ila?" Chini yake kuna picha za mlango, kompresa, barafu, taa na sakafu yenye maji, kisha nafasi ya kuandika, na mwisho kabisa "Hakuna ila". Halafu yule anayeingia lazima awepo hapo hapo na abonyeze kwamba amesikia, na gari la wafanyakazi litamsubiri anayetoka. Hilo la gari lilitugharimu mabishano mengi kuliko programu yenyewe. Wakubwa fulani walitaka "Hakuna ila" iwe juu ili watu wamalize haraka. Nikawaambia wakitaka haraka tunaweza pia kuondoa kompresa.

Waliotuuzia mfumo walituandikia kuuliza neno hili "ila" ni moduli gani. Tukawaeleza kwa aya mbili. Walijibu kwamba kwao watu huanza na malalamiko, kwa hiyo hawakuwahi kulifikiria, na wakatutakia kila la heri.

Siku ya kwanza Mama Kulwa alisimama mbele ya skrini mpya, akabonyeza "Nzuri", ikamuuliza "Ila?" Akamgeukia Ezekieli akasema, "Umeona? Sasa imelelewa." Tangu hapo mafundi wa kompresa wakawa wanausoma ukurasa ule kabla ya kunywa chai. Sisemi kwamba hakukuwa na utani. Mmoja aliwahi kuandika "ila chai haina sukari", na siku hiyo jikoni kulichangamka.

Mengine mtayajua wenyewe. Yule sato mmeshamjua, na hili la "ila" sasa mnalijua. Nimewaachia maboksi nyuma ya kabati. Stuli nimeichukua, msinidai. Nunueni yenu, zinauzwa kila duka.

Wiki iliyopita Mama Kulwa alikuja kunitembelea na kapu la viazi. Yeye bado hajastaafu, anamalizia. Mapacha wamekua, na Kulwa, aliyekuwa akichekwa shuleni, sasa ni fundi wa majokofu na anajisifu kupita kiasi.

"Habari za kustaafu, Mama Neema?"

"Nzuri sana," nikamjibu. "Napumzika. Bustani imekubali. Wajukuu wanakuja."

Akaitikia kila moja. Akaivuta ile stuli ya plastiki, akaikalia, akaweka mikono magotini na kunyamaza. Mzee Rwegasira hakuwahi kumfundisha yeye. Sijui alijifunzia wapi. Nikammiminia chai. Nikamwambia tena kwamba ni nzuri kweli, nyumba imetulia, nalala mpaka nitakapo.

"Ila?" akasema.

Nikaanza na mabuti, jinsi ninavyoamka alfajiri na kuyatafuta kwa miguu pembeni ya kitanda. Nilipomaliza, chai yake ilikuwa imepoa kabisa, naye hakuwa amenikatiza hata mara moja.